Kifo cha Mgeni na Kifo cha Mwenyeji

Iko kauli ambayo imezoeleka katika vyumba vya mihadhara ya fasihi hata imekuwa kama sala: kwamba kifo ni kimoja, hakichagui taifa wala rangi, na kwa sababu hiyo kila kitabu kisemacho juu ya kifo husema kwa niaba ya wanadamu wote. Kauli hii ina uzuri wa nje. Nusu yake ni kweli, na kwa mgongo wa nusu hiyo hupitisha uongo wa nusu ya pili. Mwili hufa namna moja Arusha na Chicago: pumzi hukatika, moyo husimama, damu hupoa. Lakini maana ya kifo haikai katika mwili wa marehemu. Hukaa kwa walio hai: katika jina wanalolitaja, kaburi wanalolichimba, kilio wanacholia na hadithi wanayoiandika. Na vitu hivyo vinne havijagawiwa watu sawasawa hata siku moja. Makala haya yanadai kwamba hadithi ya Kimarekani iliyo mashuhuri kuliko zote juu ya kifo katika nchi yetu si hadithi ya kifo cha mwanadamu. Ni hadithi ya kifo cha mgeni; na tunapoisomesha kana kwamba ni ya wote, twawazika wenyeji mara ya pili, tena bila majina.

Tuitazame hadithi yenyewe. Ernest Hemingway alifika Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1933 kuwinda wanyama. Mwezi wa Januari 1934 alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu huko nyikani, ndege ikamchukua kwenda kutibiwa Nairobi. Kutokana na safari hiyo alitunga kitabu Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka 1935, na hadithi fupi The Snows of Kilimanjaro, iliyochapwa katika jarida la Esquire mwezi wa Agosti 1936. Mhusika wake, Harry, ni mwandishi aliyeoa mke tajiri na kuuza kipaji chake kwa starehe. Mwiba umemkwaruza goti alipokuwa akinyemelea kundi la kuro ili awapige picha. Hakutia iodini kwa wakati. Mkwaruzo umekuwa donda ndugu. Amelala juu ya kitanda cha safari chini ya mti, tai wamekaa karibu, fisi hupita kila jioni, naye anayakumbuka yote aliyotaka kuyaandika na hakuyaandika: Paris, Constantinople, vita vya milima ya Ulaya. Usiku anaona ndege imekuja kumchukua. Kumbe ni ndoto, na Harry amekwisha kufa.

Sikatai kwamba hadithi hii imetungwa na fundi. Majuto ya mtu aliyefuja kipaji chake yameelezwa humo kwa namna ambayo waandishi wachache wameiweza, na mwanafunzi yeyote anayetaka kuandika angepata faida kuisoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Harry aliyaficha maradhi mawili, moja la mguu na moja la nafsi, na kifo kikamuumbua kwa yote mawili. Ninachokataa si hadithi. Nakataa cheo ilichopewa.

Wahesabu watu waliomo kambini. Yuko Harry, yuko mkewe Helen, na wako watumishi wanaowasha moto, wanaopika, wanaobeba kitanda. Mmoja tu kati yao ana jina, Molo, naye kazi yake ni kuleta kinywaji na kupokea amri. Yuko pia dereva. Huyu ndiye anayenistaajabisha kuliko wote, kwa maana katika mpango wa hadithi yeye ndiye sababu ya kifo: lori limeharibika, mgonjwa hawezi kupelekwa hospitali, na Harry anamlaumu dereva kwamba hakuangalia mafuta ya injini. Mtu anayetwikwa mzigo wa kifo cha shujaa hakupewa jina. Amepewa kabila tu, Mkikuyu, na tusi juu yake. Hatumsikii akijitetea. Hatujui kama aliogopa, kama alisikitika, kama alikuwa na mke aliyemngojea. Basi niulize: ikiwa hadithi hii yasema juu ya kifo cha wanadamu wote, dereva huyu angekufa vipi ndani yake? Jibu ni kwamba asingeweza kufa. Asiyepewa uhai katika maandishi hawezi kupewa mauti.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa ng'ambo hawakuliona kwa sababu hawakukaa chini ya Meru. Fisi katika hadithi ni alama ya kifo kichafu: ananuka, anapita gizani, na mwishoni analia kwa sauti ya ajabu karibu ya mtu. Wanafunzi wetu hufundishwa kuandika katika mitihani kwamba fisi ni ishara ya mauti ya ulimwengu mzima. Je, ya ulimwengu upi? Wamasai, ambao hadithi hii inalitaja jina lao katika maneno yake ya utangulizi, hawakuwa na desturi ya kale ya kumzika kila mtu. Mzee mkubwa aliweza kuzikwa. Watu wengi walilazwa nyikani kwa utaratibu, na fisi ndiye aliyekuwa mzishi. Fisi akija usiku wa kwanza ilikuwa heri. Akichelewa, jamaa waliingiwa na hofu. Desturi hiyo imekwisha kuachwa, na maziko yameenea. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba mnyama yule yule, katika nyika ile ile, alikuwa hofu ya mgeni na faraja ya mwenyeji. Hemingway aliazima kwa Wamasai jina la kilele, Nyumba ya Mungu, kisha akawaacha wenye jina nje ya nyumba. Hilo ni haki yake kama mtungaji. Si haki yetu kuliita jambo la walimwengu wote.

Tena iko safari ya mwisho. Katika ndoto ya Harry, rubani anamwambia kwamba hapana budi watue Arusha kuongeza mafuta. Ndege inaruka, na mahali pa kwenda Arusha, inakata kushoto, inapita katika mvua, na mbele inatokea theluji ya Kilimanjaro. Wahakiki wameusifu mkato huo wa kushoto kama mlango wa umilele. Mimi nauona pia kama ramani ya mambo yalivyokuwa. Mlima ulikuwa na kazi katika fasihi hiyo, kwa sababu ni mweupe na hauna watu. Mji haukuwa na kazi, kwa sababu una watu.

Wala isidhaniwe kwamba nasema haya dhidi ya Marekani. Fasihi ya Marekani yenyewe imekuwa na ugomvi huu tangu zamani, na upande ninaoushika una watetezi wake huko huko. Ni kweli kwamba taifa lile lina mapokeo marefu ya kukitafakari kifo. Emily Dickinson alikifanya mgeni mwenye adabu. Walt Whitman alimwombolezea Abraham Lincoln mwaka 1865. Na Lincoln mwenyewe, tarehe 19 Novemba 1863, alisimama makaburini Gettysburg akasema maneno yasiyofika 300, wala hakutaja jina la marehemu hata mmoja. Vita vile viliua watu wapatao 620,000 kwa hesabu ya zamani, na watafiti wa baadaye wamepandisha hesabu hiyo. Kwa mauti mengi namna ile taifa lilijipatia maana yake mpya.

Lakini miaka 18 kabla ya hotuba hiyo, mwaka 1845, Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, alichapa habari za maisha yake, na humo akasimulia kifo cha mtumwa aliyepigwa risasi akiwa ndani ya maji na msimamizi wa shamba. Douglass hakusema tu kwamba mtumwa fulani aliuawa. Alisema jina lake ni Demby, na muuaji wake ni Gore. Majina mawili, na kesi ambayo mahakama haikuifungua ikafunguliwa na kitabu. Mwaka 1987 Toni Morrison alitoa riwaya Beloved, ambayo mzizi wake ni mkasa wa Margaret Garner wa mwaka 1856, mama aliyemuua mwanawe asirudishwe utumwani. Katika riwaya hiyo mama hana uwezo wa kulipia maneno mengi juu ya kaburi la mtoto. Analipata neno moja tu, tena kwa bei ya aibu. Na mwaka 1991, wachimba msingi wa jengo la serikali katikati ya New York walipoyagundua makaburi ya Waafrika waliokuwa watumwa wa mji huo, wazao wao walipigania heshima ya mifupa ile hata watu 419 wakazikwa upya mwaka 2003. Morrison huyo huyo, katika kitabu chake cha uhakiki Playing in the Dark cha mwaka 1992, aliwauliza Wamarekani weupe, na Hemingway miongoni mwao, watu weusi wanafanya kazi gani katika vitabu vyao. Basi Mmarekani ameuliza. Mtanzania anaona haya ya nini?

Tuje sasa kwetu, chini ya Mlima Meru. Mwezi wa Oktoba 1896, mahali paitwapo Akeri, wamisionari wawili wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha. Waliuawa pia Wachaga waliofuatana nao. Majina ya wamisionari wale wawili yamehifadhiwa katika historia ya kanisa, na ni vema. Majina ya Wachaga waliokufa siku hiyo hiyo, kwa mikuki hiyo hiyo, ni nadra kutajwa. Kisha Kapteni Kurt Johannes alikuja kutoka Moshi na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga kutoa adhabu: nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa, na watu wakauawa ambao hesabu yao haikumhangaisha mtu. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, na Lobulu wa Meru. Na Boma la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, likajengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya waliosalia.

Hapa ndipo wale wasemao kwamba kifo ni kimoja wangepaswa kunyamaza kidogo. Yasimuliwa kwamba kichwa cha Mangi Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hilo halikuwa jambo geni: mafuvu ya watu wa makoloni yalikusanywa kwa jina la elimu. Taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na yapatayo 200 yakaonekana kuwa ya watu wa Tanzania. Mwezi wa Septemba 1923 hakuna aliyeuliza. Mwezi wa Septemba 2023, baada ya miaka mia, ilitangazwa kwamba jamaa walio hai wa wachache kati ya watu hao wamepatikana kwa vipimo vya vinasaba, mmoja akiwa ni Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa katika uchunguzi ule. Na Marekani imo pia katika habari hii, wala si kwa kalamu peke yake: mkusanyiko wa binafsi wa Felix von Luschan, mtaalamu wa Berlin, wenye mafuvu yapatayo 5,000, yakiwamo ya watu wa makoloni ya Kijerumani, ulinunuliwa kwa ajili ya makumbusho makubwa ya elimu ya viumbe ya New York mwaka 1924. Mtu akiwa namba ndani ya kabati, je, kifo chake na kifo cha Harry ni kifo kimoja?

Kuna mwaka ambao mambo haya yalikutana waziwazi, nao ni mwaka 1952. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili nchi yao igawiwe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, na makanisa na shule zao zikabomolewa. Mmeru huzikwa kwake, karibu na nyumba yake; kwa hiyo mwenye kuhamishwa haachi paa na zizi tu, huacha na wafu wake mikononi mwa asiyewajua. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, pamoja na wakili wao Earle Seaton, kwenda Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama huko, Kirilo alisema New York habari za watu wake. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu.

Mwaka huo huo, katika mji huo huo, ilianza kuonyeshwa filamu ya The Snows of Kilimanjaro, iliyoongozwa na Henry King, na Gregory Peck akiwa Harry. Watengenezaji wake waliibadili hadithi: katika filamu Harry hafi. Anapona, na ndege inaonekana. Filamu ilipata watazamaji wengi mno. Sina haja ya kuongeza chumvi. Mgeni wa kubuni alihurumiwa hata akaondolewa kifo alichoandikiwa na mtungaji wake. Mwenyeji wa kweli, aliyesafiri kwa michango ya wakulima kueleza moto ulioteketeza nyumba zao, alisikilizwa kwa adabu akaachwa arudi mikono mitupu. Sidai kwamba filamu ilisababisha kura. Nadai kwamba vyote viwili vilitoka katika mazoea mamoja ya moyo: mazoea ya kuiona nchi hii kama uwanja ambao msiba wa mtu mmoja hutokea, na wengine ni mandhari.

Nazijua hoja za upinzani. Ya kwanza husema: Hemingway aliwataja Waafrika kwa heshima, mbebaji bunduki M'Cola amo katika Green Hills of Africa kwa jina na tabia. Ni kweli, nami naikubali. Lakini hoja hiyo yanisaidia mimi. Yaonyesha kwamba mwandishi aliweza kuwaona, na alipofika kwenye jambo kubwa kabisa, yaani mauti, akachagua kutowaona. Ya pili husema: mwandishi huandika alijualo, na mgeni hana wajibu wa kutuombolezea. Hii nayo ni kweli tupu. Wajibu ni wetu. Mashtaka yangu hayamwendei marehemu Hemingway, aliyejiua huko Idaho mwaka 1961 na kuingia katika swali ambalo vitabu vyake vililiuliza. Yanamwendea mwalimu na mtunga mitihani.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu husemwa kwa sauti ya huruma: kwamba hatuna maandishi yetu wenyewe ya kina juu ya kifo, hivyo lazima tuazime. La hasha! Al-Inkishafi iliyatazama magofu ya Pate na kumwuliza moyo maana ya ukubwa unaooza, kabla Hemingway hajazaliwa. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo msiba wa nyumba moja ya Kiswahili umepata heshima kamili. Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, alimfuata kijana msomi mpaka kujiua kwake bila kumhitaji mzungu hata mmoja wa kumkopesha huzuni. Tulichopungukiwa si maandishi ya kifo. Tumepungukiwa na maandishi ya vifo hivi: vya Akeri, vya Moshi ya Kale, vya Engare Nanyuki. Kesi ya Wameru ilipoandikwa kuwa kitabu mwaka 1967, Seaton na Kirilo waliiandika kwa Kiingereza. Na kitabu kingine cha mwaka huo juu ya Wameru, The Freemen of Meru, kiliandikwa na Mmarekani, Anton Nelson. Wote wawastahili shukrani. Idara za Kiswahili zastahili nini?

Methali yasema kifo cha wengi harusi. Sisi huitumia kujifariji, kwamba msiba unaoshirikiwa hupungua uzito. Walakini iko namna nyingine ya kuitumia, nayo ndiyo imetawala: kwamba wakifa wengi wasio na majina, msomaji aliye mbali huona shamrashamra tu, ngoma na moshi, na macho yake humtafuta yule mmoja aliyelala kitandani akikumbuka Paris. Elimu ya fasihi ambayo haimfundishi kijana kuutambua mchezo huo haimfundishi kusoma.

Nasema basi mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, hadithi ya Hemingway isifutwe katika mitaala. Isomwe, lakini isomwe kutoka Arusha, na dereva wake aulizwe jina. Pili, isisomwe peke yake: iwekwe kando ya Douglass na Morrison kwa upande wa Marekani, na kando ya habari za mwaka 1896, 1900 na 1952 kwa upande wetu, ili mwanafunzi apime mwenyewe nani amepewa kifo na nani amenyimwa. Tatu, majina ya wale 19 walionyongwa tarehe 2 Machi 1900, na ya wengine wote yanayokumbukwa na wazee wa Meru, Arusha na Kilimanjaro, yakusanywe na kuandikwa kwa Kiswahili kizuri, pamoja na maisha yao kabla ya kamba. Wazee hao hawatatungoja. Serikali na koo zidai mifupa, kwa maana hiyo ni kazi yao. Kazi yetu sisi wa kalamu ni kuhakikisha kwamba siku mifupa itakaporudi, itakuta maneno yamekwisha kuchimba kaburi, na jina limekwisha kuandikwa juu yake.